Kwao na Anakokaa

Aika,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini wewe uko chumba cha pili na nakusikia ukipambana na zipu ya lile begi. Hali yako naijua: umeninunia. Yangu nayo unaijua. Basi tuanzie hapo.

Bibi yako yuko jikoni na machalari yake ya ndizi, na ameshaniuliza kwa nini nyumba imekuwa kimya hivi. Nimemwambia una mawazo ya safari. Ameguna, maana yake hajaniamini. Yeye naye haamini kitu upesi, na nadhani ndiyo sababu tumeelewana miaka yote hii, mkwe na mama mkwe. Baba yako alikuaga vizuri kabla hajapanda mlimani na wageni wake. Yeye kuaga watu ni kazi yake, mimi sina ufundi huo.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za chandarua, wala za yule mtu wa stendi atakayeomba simu yako apige mara moja tu. Hayo yote bibi yako atayasema kesho mpaka basi liondoke, na mengine atayasema kwa kupunga mkono. Mwenye nyumba wako wa Dodoma simwamini, maana sijapata kuona mtu anayepangisha chumba bila kutaka kumwona mpangaji. Hiyo ofisi iliyokuajiri nimeitafuta mtandaoni mpaka macho yakauma. Sikukuta baya lolote juu yake, na hilo nalo limenitia wasiwasi. Lakini hizo ni shughuli zangu, nitahangaika nazo mwenyewe.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya ng'ombe wa Meku Kisali, na ya visaidizi vyako, na ya neno nililolisema ofisini Jumatatu. Kisa cha ng'ombe unakijua, ila ulikiona umesimama mlangoni. Nataka ukijue kilivyokuwa kichwani mwangu.

Ulikuwa likizo ya chuo. Ushirika wa maziwa ulikuwa umenipa kazi ya kuzitoa kumbukumbu za wanachama kwenye makaratasi na kuziingiza kwenye kompyuta, na nilikuwa nimevimba kichwa kwelikweli. Mwanamke wa hapahapa Kilema, kaletewa kazi nyumbani, hakuitwa mtaalamu kutoka Moshi mjini! Nikaijenga ile kanzidata kama nilivyoona mambo yalivyo. Kuna kaya. Ndani ya kaya kuna watu, na kuna ng'ombe. Ndani ya kila ng'ombe kuna ndama aliowazaa na tiba alizopewa. Ndani ya kila tiba kuna jina la dawa, siku ya sindano, na siku ambayo maziwa yake yataruhusiwa tena kituoni. Vitu ndani ya vitu. Ukitaka kujua kama maziwa ya asubuhi hii ni salama kunywewa, lazima ushuke mpaka chini kabisa.

Kwa kushuka huko niliandika visaidizi viwili, vile vipande vifupi vya programu ambavyo mtu anaviandika mara moja kisha anaviita kila anapohitaji kazi ileile. Kimoja kilikagua kinachoingizwa, kingine kilirekebisha kilichokwisha kuingia. Cha kukagua nilikipenda kuliko nilivyopaswa, kwa sababu nilikipa tabia yangu. Hakikumwamini mtu. Ng'ombe akiwa mdogo kuliko ndama wake, kinakataa. Sindano ikiwa na tarehe ambayo haijafika, kinakataa. Ng'ombe wa kienyeji akianza ghafla kutoa maziwa kama wa kwenye kalenda, kinakataa, maana hapo kuna mtu amepitia mferejini na debe lake. Unakumbuka nilivyokuwa nacheka peke yangu kila kikimnasa mtu? Ulikuwa unaniambia, "Mama, wewe ungekuwa polisi wa barabarani."

Basi, polisi huyo alikuwa na mahali pamoja ambapo aliamini kila kitu. Ni pale palipoachwa wazi. Ng'ombe akiwa na orodha ya tiba, kisaidizi kiliisoma moja baada ya nyingine kwa mashaka yote. Ng'ombe akiwa hana orodha yoyote, kilisema huyu hajatibiwa, ni mzima, maziwa yake yapite. Kimya nilikisoma kuwa ni hapana. Wala sikuona kama nimefanya uamuzi wowote. Mtu ukiandika mstari wa namna hiyo unaona umeandika jambo dogo la kawaida, unasonga mbele.

Siku ile gari la kiwanda lilipokuja, mpimaji alichukua maziwa kidogo kutoka kwenye tenki, akachovya kijiti chake, akasubiri, akatikisa kichwa. Kulikuwa na dawa ya sindano ndani. Tenki zima likamwagwa nyuma ya kituo, jasho la wanawake wote wa mteremko huu, nao wamesimama wanaangalia. Mwenyekiti, mama wa watu, akanigeukia akasema tu, "Mama Aika, kompyuta inasemaje?"

Nikafungua kompyuta nikaanza kutafuta mwizi. Sikutafuta kosa, nilitafuta mwizi, kwa sababu kwangu mimi maziwa yakiharibika lazima pawe na mtu aliyekusudia. Nikampata upesi. Mama Ndeshi, jirani yetu wa chini ya mfereji, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu. Ng'ombe wake alitokea kwenye kumbukumbu hivihivi, bila kuzaliwa mahali popote na bila kununuliwa. Na alikuwa anakamuliwa vizuri mno. Nikaona nimemaliza kazi.

Nilimwita mbele ya wote, na ndoo yake tupu mkononi.

"Mama Ndeshi, huyu ng'ombe umemtoa wapi?"

"Ng'ombe yuko kwangu, Mama Aika. Si unamjua?"

"Najua yuko kwako. Nakuuliza ni wa nani, na kwa nini umeficha sindano yake."

Akanyamaza. Alinitazama, akatazama chini, hakusema neno. Na mimi, Aika, nilikichukua kimya chake nikakisoma vilevile kama kisaidizi changu kilivyosoma pale palipoachwa wazi. Nilijijibu mwenyewe. Nikasema, "Mnaona? Hana la kusema." Wakamsimamisha kuleta maziwa siku hiyohiyo.

Wewe ulikuwa mlangoni. Njiani kurudi ulinivuta kitenge ukaniambia, "Mama, si ungemuuliza?"

"Nimemuuliza. Hukusikia?"

"Umemuuliza mbele za watu. Hiyo sio kuuliza, Mama."

Nilikuambia ushike masomo yako.

Kesho yake asubuhi Meku Kisali, mzee wa watu, akaja mwenyewe, na koti lake la kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba, akakataa kiti.

"Aisee, mmemfanya nini yule mama?" akasema. "Ng'ombe ni wangu. Nimemweka kwake."

Nilishika lile panga nikakosa pa kuliweka. Maana hakuwa na haja ya kunieleza zaidi. Nani hapa mlimani asiyejua kuweka ng'ombe? Unampeleka kwa mtu unayemwamini, yeye anamlisha, anapata maziwa na mbolea ya migomba yake, wewe unabaki na ng'ombe wako na ndama atakaozaa. Na hakuna anayetangaza, ndiyo raha yake. Wazee waliwatawanya ng'ombe wao hivyo ili jirani asijue mtu ana wangapi. Meku alimficha wake kwa wanawe, wale wa mjini, ambao kila wakimwona ng'ombe bandani wanakumbuka kitu cha kununua. Alimwomba Mama Ndeshi asiseme, na mama yule hakusema, hata nilipomvua nguo mbele ya kijiji.

Baba yangu mimi aliweka ng'ombe Marangu kwa mtu ambaye mpaka leo simjui jina. Nilijua desturi hii kabla sijajua kusoma. Halafu nikakaa mbele ya kompyuta, nikaandika kwamba ng'ombe ni wa kaya anayokamuliwa, kwisha habari. Mtu wa Dar es Salaam angefanya kosa hilo ningemcheka mwezi mzima.

Na sindano? Ng'ombe aliumwa kiwele. Meku ndiye aliyempigia daktari wa mifugo, kwa hiyo tiba ikaandikwa kwenye kaya ya Meku, na ujumbe wa kuzuia maziwa ukaenda kwenye simu ya Meku, ambayo hutumia kumulika njia ya chooni. Daktari alimwambia Mama Ndeshi asubiri ushirika umwambie siku ya kuanza kupeleka maziwa. Akasubiri. Hakuona kitu, akaja kituoni kuuliza. Karani akamwangalia kwenye kompyuta yangu, akamwambia, "Mama, wewe uko safi, leta tu."

Unaona? Yeye aliuliza. Kompyuta yangu ndiyo iliyomjibu uongo, na mimi nikamwita mwongo.

Nilikata jani la sale pale mpakani, jani letu la kuombea msamaha, nikashuka nalo kwake. Alilipokea kwa mikono miwili, akalichomeka kwenye ukuta wa banda, akasema, "Nimepokea." Basi. Ukiletewa sale hukatai, wewe unajua. Tangu siku hiyo analeta maziwa yake, ananisalimia, anauliza ng'ombe wangu hajambo. Hajawahi tena kukaa kwangu akanywa chai. Amenisamehe kwa sababu desturi ilimbana. Kama ameniamini tena sijui, na miaka imepita sijawahi kumuuliza. Nakuambia hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko tenki la maziwa.

Ndipo ukaanza kuandika visaidizi vyako. Likizo ile, na zilizofuata, na mwaka huu wote uliokaa nyumbani ukisubiri ajira. Nilikuwa napita nyuma yako na kikombe, najifanya natafuta kitu dirishani, nasoma. Nilikuta umempa ng'ombe nafasi mbili: kwao, na anakokaa. Tiba inamfuata ng'ombe mwenyewe popote alipo, na ujumbe unakwenda kwa anayemkamua. Ile nafasi ya kwao umeifunga, anaiona daktari peke yake, karani haioni. Kisaidizi cha kukagua hakisemi tena "kuna kosa" kama changu, kinasema kaya hii, ng'ombe huyu, tiba yake ya mwisho, siku ya kuruhusu maziwa haijaandikwa. Cha kurekebisha kinagusa pale tu kilipoambiwa, hata kama pamefukiwa chini kabisa, na vilivyo jirani yake kinaviacha kama vilivyokuwa. Na pale palipoachwa wazi hakijibu ndiyo wala hapana. Kinaandika: Haijulikani. Uliza.

Nilicheka nilipoyaona maneno hayo. Nikakuambia hiyo si programu, huyo ni bibi yako.

Sasa Jumatatu. Mwenyekiti akauliza, kwa nia njema kabisa, kama visaidizi vyako vianze kutumika kabla hujaondoka. Watu wote wamekaa, wewe una ile blauzi yako ya bluu, umeshafungua kompyuta kuwaonyesha. Nikasema, "Kazi ya mtu anayeondoka siwezi kuiamini. Akishapanda basi, vikiharibika nitamshika nani?"

Wengine walicheka. Wewe uliifunga kompyuta taratibu ukasema, "Sawa, Mama." Tangu siku hiyo nimepata shikamoo ya asubuhi, ndiyo, na sawa.

Mwanangu, nilikuwa sishuku programu. Nilikuwa nakushuku wewe. Mtoto wa mwenyekiti yuko Arusha, kila mwisho wa mwezi yuko hapa na nguo za kufua. Moshi kuna ofisi, hata Himo siku hizi kuna ofisi. Wewe ukaenda kutafuta Dodoma. Hukuniambia unaomba kazi, niliijua barua ya kuitwa kwenye usaili ilipoingia kwenye simu ukiwa unaoga, na ndiyo, nilisoma, nakiri. Nikajiambia huyu ananikimbia. Amechoka kusimama mlangoni akimwangalia mama yake akiwahoji watu. Na hukusema kitu, nami kama kawaida yangu nikajijibu mwenyewe.

Wiki hii umedhani nafunga mahesabu ya ushirika. Nilikuwa najaribu kuvivunja visaidizi vyako. Kwanza nilifanya hivyo kwa hasira, nitafute doa nikuonyeshe. Nimeingiza ng'ombe asiye na kwao. Nimeingiza ng'ombe aliyewekwa kwa mtu ambaye naye amemweka kwa mtu mwingine. Nimebadilisha namba ya simu ya Meku, nikashuka kuangalia kama ndama wake bado wapo. Nimejifanya karani mlevi. Vilikataa nilichotaka vikatae, na vikanieleza kwa adabu ni wapi nimekosea. Doa nilipata moja: ng'ombe akirudishwa kwao wakati bado yuko kwenye dawa, ujumbe wa kuruhusu maziwa ulibaki ukienda kwa yule wa zamani. Nilifurahi, Mungu anisamehe, karibu nipige vigelegele. Nimelirekebisha na kuliandikia jaribio, utaliona. Halafu furaha ikaisha, maana nilikuwa natamani kukuita uje uone na nilikuwa nimejizuilia mwenyewe.

Huko uendako utashika kumbukumbu za wagonjwa. Shuku kila kinachoingia, Aika, hilo siwezi kukuambia uache, wala usimsikilize atakayekuambia data yake ni safi. Kosa langu ni kwamba nilikuwa nikishashuku naona nimemaliza. Sikujua kwamba baada ya hapo ndipo mtu anatakiwa ainuke, ashuke mpaka kwa mwenyewe, amuulize pembeni. Wewe uliijua hiyo ukiwa bado mwanafunzi, na sijui ulijifunza kwa nani, maana kwangu haikuwepo.

Leo alasiri karani alinikumbusha niondoe jina lako kwenye watu wa kaya yetu wanaoruhusiwa kuleta maziwa. Nikasema nitatumia kisaidizi chako, kwenye ile nakala ya majaribio, nione. Nikakiambia: mwondoe Aika. Kikakataa. Kikasema mwanakaya hafutwi, andika anakokaa. Mbishi kama mwenye kukiandika. Nikaacha wazi makusudi, nikabonyeza, nikijiambia sasa nimekupata, sasa utaona kitakavyomfuta mtoto wa watu. Hakikufuta. Kiliandika:

Aika. Kwao: kaya hii. Anakokaa: haijulikani. Uliza.

Nililia. Bibi yako aliingia akaniuliza kuna nini, nikamwambia moshi wa jikoni, naye akaguna ule mguno wake.

Nimeshakata jani la sale, liko hapa mezani karibu na kalamu. Sitaliweka kwenye bahasha. Nikikupa sale utalazimika kunisamehe, na msamaha wa namna hiyo ninao mmoja tayari, unapita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi na ndoo ya maziwa. Mbele ya watu nilikukosea, na Jumatatu ijayo mbele ya watu haohao nitasema nilikukosea, na visaidizi vyako vitaanza kazi kituoni siku hiyo, kwa jina lako. Kesho pia, tukitoka stendi, nitashuka kwa Mama Ndeshi. Sitaenda na jani wala na sukari. Nitaenda kumuuliza.

Lakini wewe nakuuliza kwanza, hapa pembeni, hatuko na mtu. Unakwenda Dodoma kwa sababu ya kazi, au kwa sababu yangu?

Usinijibu kesho bibi yako akiwa amekushika mkono, wala usinijibu jibu la adabu. Jibu utakapokuwa nalo, hata likiwa chungu, hata kwa ujumbe wa simu wenye maneno mawili. Kwenye kumbukumbu zetu nimeandika anakokaa Dodoma. Pale pa kwao sikugusa. Na mahali pa jibu lako nimepaacha wazi, mwanangu, na safari hii sitapasoma kuwa ni hapana.

Mimi mama yako, anayekaa palepale.